Kujumuisha swala: nani ana ruhusa, kwa masharti gani, na watu hukosea wapi

Mwanafikihi (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum warahmatullah wabarakatuh.

Suala la kujumuisha (kuziswali swala mbili ndani ya wakati wa mojawapo) likiulizwa, majibu huwa mawili. Mmoja anashusha hadithi ya sahaba Ibn Abbas, kwamba Mtume alijumuisha Madina bila khofu wala safari, ruhusa ipo. Mwingine anashusha aya ya 103 ya Suratun Nisaa, "swala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu", ruhusa hakuna. Wote wana dalili, na aliyeuliza anaondoka bila kujua aswali saa ngapi. Naomba hapa tujibu kwa masharti: dhehebu gani linamruhusu nani, na kitu gani kinaharibu.

Yasiyo na ubishi kwanza. Zinazojumuishwa ni Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Alfajiri haina mwenzake. Alasiri haiungani na Magharibi, wala Isha na Alfajiri. Ukizileta zote mbili kwenye wakati wa ya kwanza ni takdimu, ukizileta kwenye wakati wa ya pili ni taakhiri.

Na kujumuisha si kupunguza. Kupunguza rakaa nne kuwa mbili (kukasiri) kunafuata safari peke yake. Mgonjwa akijumuisha anaswali nne na nne. Mwanachuoni Ibn Taymiyya alilifupisha vizuri: kupunguza kumefungwa na safari, kujumuisha kumefungwa na haja. Atakaye kuona tofauti atazame Hija. Arafa mahujaji wanajumuisha Adhuhuri na Alasiri kwa takdimu, Muzdalifa wanajumuisha Magharibi na Isha kwa taakhiri, kwa adhana moja na ikama mbili kama ilivyo katika hadithi ya sahaba Jabir. Mina wanapunguza, lakini kila swala inabaki kwenye wakati wake.

Hizo mbili, Arafa na Muzdalifa, ndizo zenye makubaliano. Zaidi ya hapo, kwa madhehebu manne ya Sunni:

Hanafi: hakuna kujumuisha pengine popote, hata safarini. Wanategemea kauli ya sahaba Ibn Masud iliyo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba hakumwona Mtume (s.a.w.) akiswali swala nje ya wakati wake ila Muzdalifa. Hadithi za safari wanazichukulia kuwa ni kujumuisha kwa sura tu, tutaifikia.

Maliki: safari, hata fupi, lakini ya nchi kavu; mvua, kwa Magharibi na Isha tu, msikitini; na mgonjwa anayechelea kupoteza fahamu wakati wa pili ukiingia.

Shafi'i: safari ndefu ya halali, na mvua. Ugonjwa si katika kauli mashuhuri ya dhehebu, ingawa Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) aliona dalili ya kuuruhusu ina nguvu.

Hanbali: mlango mpana kuliko wote wanne. Safari, ugonjwa, mwenye kunyonyesha anayetaabika kufua najisi kila swala, mwenye damu ya istihadha (damu isiyo ya hedhi), mwenye mkojo usiokatika, asiyeweza kuujua wakati, na mwenye shughuli au khofu inayomruhusu kuacha Ijumaa na jamaa (swala ya pamoja). Na bado wanasema kuacha kujumuisha ni bora, isipokuwa Arafa na Muzdalifa.

Karibuni.

---

Zamu ya Usiku

Waalaykumu salaam ustadh. Wanaouliza sana si wasafiri wala wagonjwa. Ni wauguzi, walinzi, madereva wa njia ndefu ndani ya mji, wanafunzi wa mtihani. Hao wanaangukia wapi?

---

Hesabu Kwanza

Kabla ya kumtafutia mtu fatwa, mwambie aandike nyakati. Nusu ya dhiki hizi huisha kwenye karatasi.

Tuseme siku hiyo Adhuhuri inaingia saa 6:35 mchana, Alasiri 9:50, Magharibi 12:40 jioni, Isha 1:50 usiku.

Mtihani wa saa 8 mchana hadi 11 jioni: Adhuhuri anaswali kabla ya kuingia, ana saa nzima na dakika 25. Akitoka saa 11 Alasiri imebakisha saa 1 na dakika 40. Udhuru hakuna, kuna haraka tu.

Upasuaji wa saa 5 asubuhi hadi 10:30: Adhuhuri imeingia na kutoka daktari akiwa amevaa glavu. Anahitaji taakhiri kweli, na akitoka Alasiri ina zaidi ya saa mbili.

Upasuaji wa saa 8 mchana hadi saa 2 usiku ndio mgumu, maana Alasiri yote na Magharibi yote vimo ndani. Huyu anatanguliza Alasiri pamoja na Adhuhuri kabla ya kunawa, na anachelewesha Magharibi aiswali na Isha akitoka. Takdimu na taakhiri siku moja.

Kuna njia isiyohitaji fatwa ya yeyote: kujumuisha kwa sura. Adhuhuri unaiswali mwisho wa wakati wake na Alasiri mwanzo wa wakati wake. Kwa nyakati zile, unaanza Adhuhuri 9:40, unatoa salamu 9:46, unakaa kwenye dhikri, 9:50 unakimu Alasiri. Kutawadha mara moja, kuondoka kazini mara moja, na kila swala iko kwenye wakati wake. Hata Hanafi wamo. Tahadhari ni moja: usiibane Adhuhuri hadi rakaa zake zitoke nje ya wakati. Anza angalau dakika kumi kabla, kwa sababu saa za ukutani na kalenda za misikiti hupishana.

Kwa anayefuata kauli ya Abu Hanifa mwenyewe, Adhuhuri inaendelea hadi kivuli kifike mara mbili ya kitu, wakati wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wako na jumhuri (wanazuoni walio wengi) kwenye kivuli mara moja. Kwa hiyo usichukue wakati wa Alasiri wa kalenda moja na wakati wa mwisho wa Adhuhuri wa kalenda nyingine ukadhani umefanya hesabu.

---

Mwanafikihi

Ahsante Hesabu Kwanza, umenipunguzia kazi.

Zamu ya Usiku, waliobaki baada ya hesabu hiyo (daktari wa upasuaji, muuguzi wa wagonjwa mahututi asiye na wa kumpokea, mtu anayeendesha mtambo ambao ukiachwa unaleta madhara) wanaingia kwenye lango la Hanbali la shughuli na khofu. Nje ya Hanbali wako wachache waliowahi kuruhusu kwa haja bila safari wala mvua: Ibn Sirin, Ash-hab katika Maliki, Al-Qaffal Al-Shashi Mkubwa katika Shafi'i, na Ibn al-Mundhir. Nawawi amewataja alipoisherehesha hadithi ya Ibn Abbas. Wameweka sharti moja ambalo watu hulikata wanapowanukuu: *isiwe ada*, yaani mazoea. Mtu mwenye zamu hiyo hiyo kila siku, mwaka mzima, hawezi kujificha nyuma yao. Huyo apange mapumziko na mkuu wake wa kazi, au afanye kwa sura.

Mlinzi wa getini anayeweza kutandika mswala pale pale dakika tano, huyo sioni udhuru wake. Ugumu wa kuomba ruhusa si udhuru.

---

Kitabu Wazi

Tukae kidogo kwenye hadithi ya Ibn Abbas, maana kila mtu anaitaja na wachache wameitazama yote.

Muslim ameipokea kwa njia kadhaa. Katika moja: Mtume alijumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, Madina, *bila khofu wala safari*. Katika nyingine: *bila khofu wala mvua*. Ibn Abbas alipoulizwa kwa nini, akasema alitaka asiutie uzito umma wake. Bukhari naye ana lafudhi ya kwamba aliswali Madina "saba na nane". Zihesabu: saba ni tatu za Magharibi na nne za Isha, nane ni nne na nne. Rakaa kamili, hakuna kilichopunguzwa, na hiyo peke yake inaiondoa safari.

Tafsiri za wanazuoni ni hizi. Imam Malik alisema anaona ilikuwa kwenye mvua, lakini lafudhi ya "wala mvua" inambana. Wengine wamesema ni kwa sura: Amr ibn Dinar alimwambia Abu Shaathaa, aliyeipokea kutoka kwa Ibn Abbas, "nadhani aliichelewesha Adhuhuri akaiharakisha Alasiri", naye akajibu "nami nadhani hivyo." Hii ndiyo silaha ya Hanafi, na ina uzito kwa sababu inatoka kwa mpokezi mwenyewe. Udhaifu wake ni neno "nadhani". Wengine, Nawawi miongoni mwao, wakaielekeza kwenye ugonjwa na mfano wake.

Tafsiri ya kwa sura inakutana na kisa kingine ndani ya Muslim hiyo hiyo. Ibn Abbas aliwahutubia watu baada ya Alasiri mpaka jua likatua na nyota zikaonekana. Watu wakaanza kusema "swala, swala". Akaja mtu wa Banu Tamim, hakomi, "swala! swala!" Ibn Abbas akamwambia: wanifundisha sunna, huna mama we? Kisha akasema alimwona Mtume akijumuisha. Abdullah ibn Shaqiq, mpokezi, jambo likamkaa moyoni, akaenda kwa Abu Hurayra, naye akamsadikisha. Sasa nyota zimeshatoka na mtu bado yuko mimbarini: huyo hana dalili ya kufanya hesabu ya mwisho wa Magharibi na mwanzo wa Isha.

Kuna wanaosema hadithi hii imeachwa, kwa sababu Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, aliandika kwamba yote yaliyomo kitabuni mwake yamefanyiwa kazi na baadhi ya wanazuoni ila hadithi mbili, hii ikiwa mojawapo. Nawawi alimjibu: ile nyingine sawa, lakini hii haijaachwa, wapo walioifanyia kazi. Kwa upande wa pili, ile "mwenye kujumuisha bila udhuru amefika mlango wa madhambi makubwa" inayozungushwa kama hadithi ya Mtume, Tirmidhi mwenyewe aliyeipokea ameonyesha udhaifu wa mpokezi Hanash aliye katika isnadi (mlolongo wa wapokezi) yake. Kwa hiyo kila upande unaosukuma kwa nguvu zote una tobo lake.

---

Nyakati Tatu

Kwa heshima, muongeze na Jaafari, dhehebu la Kishia, ili picha ikamilike. Kwetu kujumuisha kunafaa bila udhuru, na hatusemi kwamba ni swala nje ya wakati. Jua likipinduka, kipimo cha kuiswali Adhuhuri ni chake peke yake. Mwisho kabla ya machweo, kipimo cha kuiswali Alasiri ni chake peke yake. Katikati ni wakati wa zote mbili. Magharibi na Isha vivyo hivyo hadi nusu ya usiku. Dalili ya aya ni Suratul Israa, 78: kupinduka kwa jua, giza la usiku, na Qur'ani ya alfajiri. Nyakati tatu.

Lakini fikihi yetu inasema kuzitenganisha ni mustahabu, jambo linalopendekezwa. Watu wetu wengi hujumuisha kila siku hadi mtoto anadhani ndiyo sheria. Na mtu akijumuisha, adhana ya swala ya pili inaanguka, ikama inabaki.

---

Mwanafikihi

Shukrani Nyakati Tatu. Umeeleza kwa uadilifu, na ninaomba wachangiaji wasiufungulie uzi mlango wa ubishi wa madhehebu. Anayefuata dhehebu lake alifuate pamoja na masharti yake. Balaa lipo kwa anayechukua ruhusa kwa mmoja na kuacha masharti kwa wote.

---

Imamu wa Mtaa

Nina swali ambalo nadhani maimamu wengi wanalo. Mvua inanyesha wakati wa Magharibi, waumini wanataka Isha ije hapo hapo. Shafi'i wanadai nini hasa? Watu wananiambia "si mvua tu, kimu!"

---

Mwanafikihi

Sheikh, ni mengi kuliko wanavyodhani:

Takdimu tu. Taakhiri haifai kwa mvua, kwa sababu kuendelea kwake hakumo mkononi mwako. Unaweza kuchelewesha na ikakatika.

Mvua iwepo kwenye nukta tatu: takbira ya kuhirimia (ya kuanzia) ya swala ya kwanza, salamu yake, na takbira ya swala ya pili. Ikikatika katikati ya Magharibi na kurudi kabla ya salamu, haidhuru. Ikiwa imekatika unapotoa salamu, basi, Isha isubiri.

Iwe inalowesha nguo. Manyunyu yakilowesha yanatosha. Tope, giza na upepo peke yake havitoshi katika Shafi'i. Maliki wanahesabu tope likiwa pamoja na giza.

Iwe jamaa, mahali panapowalazimu watu kutembea na kupata taabu njiani. Aliyeswali nyumbani kwake hana haki hiyo. Anayefika msikitini chini ya paa muda wote hana pia, isipokuwa imamu wa kudumu, ambaye anaruhusiwa awafuate maamuma wake.

Nia ya kujumuisha uiweke ndani ya swala ya kwanza. Kwa Shafi'i yatosha iingie popote kabla ya kutoa salamu, lakini watangazie kabla ya kuanza. Hapa ndipo jamaa zinapoharibika: imamu anaamua baada ya salamu aliposikia mabati yanavuma, nusu ya safu haikuwa na nia. (Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi'i, na baadaye Ibn Taymiyya, hawakuishurutisha nia hiyo. Ukiwa kwenye mashuhuri ya dhehebu, ishurutishe.)

Kisha mfululizo. Kati ya salamu na takbira usiweke rakaa mbili za sunna, wala mawaidha, wala tangazo la mchango. Kipimo cha kukatika ni muda wa rakaa mbili nyepesi. Ikama haikati.

Shafi'i wanaruhusu mvua hata kwa Adhuhuri na Alasiri. Maliki na mashuhuri ya Hanbali ni Magharibi na Isha tu. Kwa Maliki, Magharibi inacheleweshwa kidogo, kisha Isha inaadhiniwa kwa sauti ya chini ndani ya msikiti, si kwenye mnara, ili walioko majumbani wasidhani wakati umeingia.

---

Imamu wa Mtaa

Jazaakallahu khayran. Na sunna na witri vinakwenda wapi?

---

Kitabu Wazi

Ukiondoa kabliya (sunna ya kabla) ya swala ya kwanza, zote baada ya faradhi ya pili. Kwa mfano wa mchana: kabliya ya Adhuhuri, kisha Adhuhuri, Alasiri, halafu baadiya (sunna ya baada) ya Adhuhuri, halafu kabliya ya Alasiri. Unaonekana unaswali sunna baada ya Alasiri, lakini hizo zina sababu na wakati wake, si za kujitolea tu.

Witri: Shafi'i na Hanbali unaiswali hapo hapo baada ya Isha iliyotangulizwa, hata kama wakati wa Isha haujaingia. Maliki hapana, asubiri wekundu wa mbinguni utoweke. Wanaokwenda kwa Maliki hulisahau hili.

---

Mzigo Mwepesi

Upande wa safari, naomba mtu aeleze kuwasili. Hapo ndipo maswali mengi.

---

Hesabu Kwanza

Kwa Shafi'i, safari ni marhala mbili (mwendo wa siku mbili), maili 48 za Hashimiya. Kwa kilomita wanazuoni wanataja kati ya 81 na 89 kulingana na urefu wanaoupa maili. Inaanza ukivuka majengo ya mji wako, inaisha ukiyaingia. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, umekuwa mkaazi. Hanbali ni zaidi ya siku nne, Hanafi siku 15.

Sasa kuwasili.

Umetanguliza Adhuhuri na Alasiri njiani, ukafika kwako kabla Alasiri haijaingia: imeshapita, hurudii. Umeswali Adhuhuri njiani kwa nia ya kutanguliza, gari likaingia mjini kwako kabla hujahirimia Alasiri: Adhuhuri yako ni sahihi, Alasiri inasubiri wakati wake, rakaa nne.

Umenuia kuchelewesha Adhuhuri, ukafika kwako na wakati wa Adhuhuri bado upo: iswali sasa, nne. Nia ya kuchelewesha imekufa na safari yake. Umefika Alasiri imeshaingia na hujaswali yoyote: nne na nne, si mbili na mbili. Watu hupunguza sebuleni kwao kwa hoja kwamba "ilinikuta njiani". Hanafi na Maliki wanamruhusu anayekadhi swala ya safari akiwa nyumbani aiswali mbili. Shafi'i na Hanbali hawaruhusu.

Na nia ya taakhiri haiji yenyewe. Ukiacha Adhuhuri ipite huku umelala kwenye kiti, hukuwa umenuia kuichelewesha, basi ni kadha (swala ya kulipa nje ya wakati), na kama uliacha kwa makusudi una dhambi. Inuie mapema, mara wakati unapoingia.

Ndege: ukumbi wa kuondokea uliomo ndani ya majengo ya mji wako bado ni mjini kwako. Takdimu ya safari haijaanza pale. Angani, wakati ni ule unaouona dirishani, si wa mji ulio chini yako. Kwa urefu ule jua linatua baadaye kuliko ardhini. Ukielekea mashariki usiku unafupika na Alfajiri inakuwahi, kwa hiyo aliyechelewesha Magharibi na Isha "mpaka tutue" anaweza kutua jua limechomoza. Angalia saa ya Alfajiri ya njiani, na ikibidi swali ndani ya ndege.

---

Zamu ya Usiku

Na mtu akikumbuka baada ya zote mbili kwamba ameacha rukuu?

---

Mwanafikihi

Suala zuri, na kwa Shafi'i lina matawi matatu. Nazungumzia takdimu, na muda umeshakuwa mrefu.

Akijua rukuu ni ya swala ya kwanza: zote mbili zimebatilika, maana ya pili ilisimama juu ya ya kwanza. Anazirudia, na anaweza kuzijumuisha tena.

Akijua ni ya swala ya pili: ya kwanza ni sahihi, ya pili imebatilika na mfululizo umekatika, kwa hiyo ya pili aiswali kwenye wakati wake.

Hajui ni ipi: anazirudia zote, kila moja kwa wakati wake, bila kujumuisha. Huenda ilikuwa ya kwanza, huenda ya pili, na anachukua tahadhari ya pande zote mbili.

Taakhiri ni nyepesi hapa, kwa sababu kwa Shafi'i mpangilio na mfululizo ndani yake ni sunna. Hanbali wanashurutisha mpangilio kote kuwili.

---

Mama Msomeshaji

Nyongeza kwa wanawake na wagonjwa, mnawasahau.

Mwenye istihadha: Mtume alimwambia Hamna bint Jahsh aicheleweshe Adhuhuri na kuiharakisha Alasiri, aoge mara moja kwa zote mbili, na Magharibi na Isha vivyo hivyo. Ipo kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Hata aliye kwenye dhehebu lisilomruhusu kujumuisha kikamilifu, hii ya mwisho wa wakati na mwanzo wa wakati ni yake.

Mwenye kutayamamu: Shafi'i wanataka tayamamu mpya kwa kila faradhi, kwa hiyo mgonjwa anayejumuisha anatayamamu mara mbili. Ile ya katikati haikati mfululizo, asiwe na wasiwasi. Hanbali tayamamu moja inamtosha mpaka wakati utoke.

Mgonjwa wa kitandani asipunguze rakaa. Wahudumu wema humwambia "mbili zinakutosha baba", na zinakuwa hazikutosha. Akiwa mjini kwake ni nne, akaswali kwa kukaa au kwa ishara.

Aliyetoharika na hedhi alasiri: kwa Shafi'i na Hanbali akiwahi hata kipimo cha takbira kabla ya machweo anadaiwa Alasiri *na* Adhuhuri, akiwahi hivyo kabla ya Alfajiri anadaiwa Isha na Magharibi. Wakati wa mwenye udhuru ni mmoja kwa swala mbili, ndiyo mantiki ile ile ya kujumuisha. Hanafi wanamdai ile moja tu ambayo wakati wake upo.

---

Kaskazini Kabisa

Waishio nchi za mbali kaskazini wanafanyaje? Kiangazi Isha inaingia karibu na usiku wa manane, kwingine haiingii.

---

Hesabu Kwanza

Kijiografia ni hivi: Isha ya nyuzi 18 za jua chini ya upeo haipatikani katikati ya kiangazi kuanzia latitudo ya 48.5 hivi kwenda juu. London iko kwenye 51.5, kwa hiyo imo. Hapo kuna wanaokadiria wakati, kwa mfano kwa kugawa usiku mafungu, na kuna walioruhusu Magharibi na Isha zijumuishwe msimu huo kwa sababu ya uzito. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ni miongoni mwa walioruhusu. Ruhusa hiyo ina msimu. Isha ikirudi saa ya kawaida, ruhusa imeondoka, na msikiti unaoendelea kujumuisha baridi yote haujaielewa.

---

Mzigo Mwepesi

La mwisho mawili. Ijumaa na Alasiri kwa msafiri? Na nikiwa nimechelewesha Magharibi, nikamkuta imamu yuko kwenye Isha?

---

Mwanafikihi

Ijumaa na Alasiri: Shafi'i wanaruhusu takdimu. Taakhiri haiwezekani, Ijumaa haiswaliwi wakati wa Alasiri. Mashuhuri ya Hanbali ni kwamba haijumuishwi kabisa. Msafiri wa Hanbali anayetaka kujumuisha aswali Adhuhuri.

La pili: kwa Shafi'i, ingia naye kwa nia ya Magharibi. Ukimwahi rakaa ya kwanza, anaposimama kwa ya nne usisimame naye, na usikae kumngoja, kwa sababu utakuwa unasoma tashahudi asiyoikaa yeye. Nuia kufarikiana (kutengana) naye, maliza tashahudi, toa salamu, kisha inuka uhirimie naye Isha kwa kilichobaki, na uikamilishe nne kwa kuwa umemfuata anayekamilisha. Ukimkuta rakaa ya pili hakuna cha kufarikiana: salamu yake inakukuta na tatu, nawe unatoa salamu naye. Madhehebu mengine matatu hayakubali faradhi nyuma ya faradhi tofauti, kwa hiyo mfuasi wao aswali Magharibi yake pembeni kwanza, kisha amwahi imamu akiweza.